Kaka Gundi na Makopo Yaliyolala Chumbani

Tarehe 3 Julai 1961 kulikuwa na manyunyu na baridi kali. Ndiyo siku aliyozaliwa kaka yetu mkubwa, tuliyemwita Kaka Gundi. Mama alisimulia kwamba alitoka akilia kwa hasira na hakunyamaza hadi jioni. Waliomjua hawatashangaa.

Alisoma hadi kidato cha pili, akaacha baada ya kugombana na mwalimu wa kemia. Mwaka 1980 alianza ufundi wa kumimina gundi ya epoksi, ile inayoganda ikang'aa kama kioo, juu ya meza na sakafu. Kazi yake haikuwa na kasoro. Ulimi wake ulikuwa nazo.

Mwaka 1989 alimuoa wifi yangu. Kwa kuwa joto huiharibu gundi hata kabla kopo halijafunguliwa, makopo aliyaweka chumbani penye ubaridi, kitanda akakisogeza kwenye ukuta unaochomwa na jua. Wifi alisema yeye ni mke mdogo.

Karakana aliiendesha na mdogo wetu, Msumari. Asubuhi moja ya baridi, mwaka 2009, gundi ilikuwa nzito kama asali. Kawaida yao ilikuwa kuliweka kopo kwenye maji ya vuguvugu, gundi ikilainika ndipo watie dawa ya kugandisha. Msumari, kwa haraka zake, alichanganya kwanza, kisha akapasha ndoo jikoni. Gundi ikawa nyepesi kama maji, akafurahi. Punde ikafuka moshi, ikageuka jiwe.

Kaka alimwambia mbele ya mteja, “Bora ungeungua wewe, ndoo ikabaki.”

Hawakusalimiana tena.

Mapafu yalianza kumsumbua Kaka mwaka 2021. Barakoa aliwalazimisha wengine wavae. Yeye alidai inambana. Jioni ya tarehe 8 Machi mwaka huu Msumari alifika hospitali alikolazwa Kaka. Kaka aligeukia ukuta, akauliza, “Huyu kaitwa na nani? Leo kachoma nini?” Msumari alivuta kiti. Alikaa hadi wageni walipotolewa.

Asubuhi iliyofuata Kaka alinishika mkono. “Nikiondoka, wifi yako atayatupa makopo karakanani, yaive chini ya bati. Mpelekee yule mpumbavu. Chumba chake cha nyuma hakipigwi jua. Mwambie apashe kwanza, ndipo achanganye.”

Alifariki saa saba mchana.

Ameacha mjane, mabinti wawili, mimi dada yake, na mdogo wetu Msumari, ambaye jana alihamisha kitanda chake ili makopo yapate nafasi.

Kaka, ulipolazwa pana ubaridi. Tulia sasa, upumzike.