Feni ya Gari la Mama Yenu

Njooni hapa wote wawili, wanangu, mnisikilize injini ikiwa inaunguruma, maana sauti yangu imekuwa ndogo na sitarudia. Msinirudishe kitandani. Kiti hiki nimeomba kiletwe gereji kwa makusudi, ili mshale wa joto niuone kwa macho yangu. Binti yangu, simama karibu na rejeta na usiguse kitu. Nawe, kaka mtu, kaa kwenye usukani, usizime mpaka nikuambie.

Mmepatana asubuhi hii mbele yangu: feni ya umeme aliyofunga dada ikiwaka yenyewe joto likipanda, gari linabaki kwake, isipowaka, kaka anampigia simu mnunuzi. Sikuwapinga. Gari ni lenu tangu sasa, nusu kwa nusu, kama ilivyo nyumba hii. Vifaa vyangu vya kupimia umeme achukue binti, fundi wa majokofu, maana kwake havitalala. Vitabu achukue kaka, hata akivitumia kuzuia mlango usijifunge. Cheka, mwanangu, nakutania.

Mshale umefika katikati. Tusubiri.

Feni ya zamani, ile tuliyoing'oa, ilizungushwa na mkanda wa injini, kwa hiyo gari likisimama kwenye foleni injini inapunguza mwendo, feni nayo inazubaa, na maji yanachemka. Kila tulipotoka, mama yenu alipakata dumu la maji kama mtoto mchanga. Siku moja mvuke ulitufunika katikati ya barabara, watu wanatupigia honi, mimi nimevimba kwa hasira, naye akanigeukia akasema, "Mwalimu, maji yako tayari, lete majani tunywe chai." Huyo ndiye niliyemzika. Siongezi neno hapo.

Tangu tumzike, nyinyi hamjala meza moja. Wewe binti ulimwambia kaka yako, waombolezaji wakisikia, kwamba alikuja hospitali kama mgeni. Nawe, kaka mtu, ukamjibu kwamba anajifanya amezaliwa peke yake. Niliyasikia yote mawili, na leo sikai hapa kuamua nani alianza. Nataka mjue tu kwamba mama yenu, siku yake ya mwisho, aliniuliza habari zenu mmoja baada ya mwingine, yuko wapi, amekula? Hakuuliza nani amekuja mara ngapi.

Mshale unakaribia nyekundu. Unasemaje? Tuzime? Bado. Acheni kutazamana hivyo, tegeni masikio.

Mmesikia huo mlio, "ta"? Hiyo ni rilei, kisanduku kile kidogo kinachobeba umeme mwingi wa feni ili swichi ya joto isiungue. Rilei imeitika. Lakini feni haijazunguka.

Zima! Zima injini, haraka. Maji hayajachemka, tumewahi.

Weka simu chini, mwanangu. Najua mapatano ni mapatano, na ukitaka kuyatimiza sitakuzuia, ila nimalize kwanza. Binti, futa machozi, kazi yako si mbovu. Swichi imehisi joto, rilei imeitika, na umeme unafika mpaka kwenye feni, umeupima sasa hivi nikiona. Umebaki waya mweusi, unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari. Umeufunga pale chini ya taa, sivyo? Na pale ndipo kaka yako alipopaka rangi juma lililopita, ili mnunuzi avutiwe. Ni rangi nzuri, haina hata mchirizi. Lakini umeme haupiti kwenye rangi.

Sasa, kaka mtu, jambo liko kwako. Dada asiguse. Ukipiga simu, gari litaondoka kesho, nami sitakuwa na kinyongo, kwa sababu hilo ndilo mlilokubaliana. Kama hutaki liondoke, bisibisi ile pale, kwangua rangi yako mwenyewe mpaka chuma kionekane.

Usinitazame mimi. Mimi ni wa kuondoka.

Ngoja, ngoja, toa fyuzi kwanza! Feni ikishtuka mkono wako ukiwa humo, mimi vidole vya kukurithisha sina. Binti, mmulikie kaka yako. Sogea, yeye haumi. Kwangua tena, usiionee huruma. Kinang'aa? Funga waya, kaza. Haya, dada mtu, rudisha fyuzi, na wote mrudi nyuma.

Ahaa.

Isikilizeni inavyovuma.

Hapana, mwanangu, haitamaliza betri. Injini imelala, lakini joto lingali ndani, na feni inalitoa. Dada yako aliiunga hivyo kwa kutaka.

Nisogezeni kidogo, upepo unipate. Mnizike kando ya mama yenu, bila hotuba ndefu. Nguo zangu wapeni watu wenye miili kama yangu, msizikunje kabatini. Jioni ya siku hiyo mle pamoja... hata kama hamna la kusemezana. Mle tu.

Nipe mkono wako. Na wewe, wa kwako... huo huo, wenye rangi. Mungu awahifadhi. Awape subira... mmoja kwa mwenzake. Nimewaridhia nyote, sikubakiza...

Acha, usiizime. Itasimama yenyewe.