Askari Aliyetumwa Kunywa Kahawa

Imepokewa kutoka kwa waliotutangulia katika elimu kwamba vikao ni amana, na ya baraza hayatoki barazani. Sisi wa benchi la kahawa, Temeke, tuliishi kwa kanuni hiyo hadi mwaka ule wa msako wa wazururaji, wasio na kadi ya kazi wakipakiwa malori kupelekwa kulima mashambani, pale mkuu wa kituo cha polisi alipotangaza katika mkutano wa tawi kwamba kila mtaa utapewa askari mmoja wa kukaa na wananchi. Hatakuwa na kirungu wala pingu. Atasikiliza magomvi kabla hayajawa kesi, atapanga zamu za doria pamoja na mgambo, na asubuhi atawavusha watoto Barabara ya Kilwa waendapo shule. Aliyetuangukia sisi alikuwa kijana mrefu, mpole, aliyekaa nchani mwa benchi kila alasiri kwa miezi kadhaa, akinywa kahawa na kutuuliza habari zetu. Kisha ghafla asionekane tena. Alasiri ninayoisimulia, Marselino mchonga vinyago, ambaye tulimwita Patasi, alifika na furushi lililofungwa kamba, akanisalimu mimi kwanza.

— Shikamoo, Maalim. Nimekuja kuaga.

— Marahaba, mwanangu. Safari ya wapi?

— Newala. Kesho na basi la alfajiri. Yule njagu kamaliza kazi yake, sasa watakuja kutuzoa. Mie kadi ya kazi sina. Mtu anayechonga uani kwake, kwao hao ni mzururaji tu.

Mwinjuma muuza kahawa, aliyeitwa Buli kwa ajili ya tumbo lake, akamjazia kikombe.

— Kunywa kwanza. Mtu haagi na koo kavu.

Apolinari, karani mstaafu kutoka Bukoba, akakohoa. Tulimwita Katibu, kwa kuwa kila ubishi aliufunga kana kwamba anafunga mkutano.

— Patasi ana hoja. Serikali gani inamlipa mtu mshahara aje anywe kahawa? Haba na haba hujaza kibaba! Kila kikombe, neno moja. Sasa kibaba kimejaa.

— Lakini ndiye aliyenipatanisha na jirani yangu kwa yale maji machafu, alisema Buli. Angetaka kutufunga, si angetufunga siku ile tumeshikana mashati?

— Huo ndio mtego wenyewe! Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu tumekaa naye miezi, jembe hatukumpa. Basi atatupa yeye! Wote Rufiji, tukalime pamba!

— Wewe Katibu, pamba gani na mgongo huo? Watakusimamisha shambani utishe ndege.

Tulicheka sote isipokuwa Patasi, aliyekuwa akikizungusha kikombe chake bila kunywa.

— Nyie mnacheka, alisema. Watoto wangu wanasoma hapa. Nikipakiwa kwenye lori, nani atawalisha?

Buli, aliyekuwa akimtetea askari punde tu, akaona mazungumzo yanampita. Akainama na kupunguza sauti.

— Basi mie nawaambieni kubwa kuliko yote. Yule si askari. Mmeona anavyonyamaza? Kimya kingi kina mshindo mkuu. Yule ni kachero wa Makaburu.

— Buli! Makaburu wamtume mtu Temeke kusikiliza kesi ya maji ya kuoshea vyombo? aliuliza Katibu.

— Ndiyo! Mwenye shoka hakosi kuni.

— Methali hiyo inaingiaje hapa?

— Itaingia tu. Isukume.

— Mie nina ushahidi, alisema Katibu. Siku ile hamkumwona akilipima benchi hili kwa shubiri? Anahesabu lori moja litachukua matako mangapi.

— Hapo hapana, Katibu, alisema Patasi polepole. Ule mguu wa benchi ulikuwa umelegea. Aliniuliza mti gani unafaa kuuchongea mwingine.

Nikaona hapa pana mwanya wa nasaha. Nikawaambia kwamba tumeamrishwa kujiepusha na dhana, kwani baadhi ya dhana ni dhambi.

— Baadhi tu, Maalim, alijibu Katibu kwa adabu. Sisi tuko kwenye ile baadhi nyingine.

Kabla sijamjibu, akaja mwanamke mbiombio, khanga imemtoka begani, nasi hatukuwa tukimfahamu.

— Shikamooni. Hapa ndipo kwenye benchi la kahawa?

— Marahaba, mwanangu. Wewe nani?

— Adelina. Mume wangu ni askari, tunakaa kota za polisi, pale pale kituoni. Nimetumwa kwenu na mwenzenu, yule askari wa mtaa. Ana homa kali, hajitambui. Mganga wa zahanati anamwuliza amekunywa dawa gani kabla hajamchoma sindano, naye anajibu kilugha. Sie tuliopo tumejaribu lugha zetu, wapi! Kahamishiwa hapa miezi michache tu. Kituoni wanamjua kwa namba ya begani, na mkuu wao yuko safari. Jana, akili ikingalipo, alisema, “Nikizidiwa, waiteni ndugu zangu wa kahawa.” Basi niambieni, baba zangu, kwao ni wapi?

Katibu ndiye aliyejaribu kwanza.

— Si wa kwetu Ziwa, alisema. Ningemjua.

— Alisema Songea, alisema Buli. Au... hapana. Mie ndiye niliyemsimulia habari za Songea.

— Basi jina lake?

— Afande.

— Afande si jina, baba.

Buli akatazama makaa yake. Patasi alikuwa amekwisha kusimama.

— Mie watoto wangu anawajua kwa majina, alisema. Hata yule mdogo mwenye pumu, kila siku alikuwa ananiuliza habari zake. Dada, kota mnaingilia wapi?

— Lango kuu, pale kwa askari wa zamu.

— Watakudai kadi, alisema Katibu.

— Na wadai. Mie nina Kimakonde, na Kiyao cha kuombea maji. Katibu, njoo na Kihaya chako, huenda ulikosea. Buli, na Kizaramo. Maalim, hata Kiarabu. Tutamsemesha mmoja mmoja mpaka aitikie.

Buli akalifunika dele lake la kahawa. Tukaongozana kuelekea kituoni kwa miguu yetu wenyewe, jambo ambalo mtaa mzima ulitoka vibarazani kulitazama. Na tulipofika langoni, Patasi ndiye aliyetangulia kwa askari wa zamu, akimuuliza mgonjwa yuko chumba gani.