Sekunde Tisa za Bwana Shih

Tarehe 31 Julai 2025 Bwana Shih Mao-jung anastaafu, baada ya kusimamia chumba cha kompyuta cha shule yetu hapa Hualien kwa miaka thelathini na mmoja. Minne kati ya hiyo, kwa makadirio yangu, aliitumia akisubiri mashine ziwake.

Alianza akiwa na mashine sita na nywele nyingi. Kufikia 2014 mashine zilikuwa thelathini na mbili, zote kuukuu, na nywele za kuhesabika. Mwalimu Mkuu wa wakati huo, Bi. Tu Yueh-o, akampa hadi tarehe 29 Agosti: zisipowaka chini ya dakika moja zitatupwa, na chumba kitakuwa stoo ya ngoma.

Likizo nzima alijaribu aina kumi na moja za Linux, ule mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta. Ya kwanza ilidai kumbukumbu ambayo mashine zetu zote kwa pamoja hazikuwa nayo. Ya tano ilikuwa nyepesi kiasi cha kutokitambua kipanya. Ya kumi na moja iliwaka kwa sekunde thelathini na nane. Mtu mwingine angekwenda kula tambi. Bwana Shih alianza kupunguza: michezo, muziki, kikokotoo, hata saa. Mwishowe akaona faili nono kuliko zote, akazifuta bila kuzikagua. Sekunde ishirini na tisa! Faili hizo zilikuwa maumbo ya herufi za Kichina. Hakugundua, maana yeye huandika amri za Kiingereza tu.

Siku ya majaribio mashine ziliwaka, tukapiga makofi. Bi. Tu akafungua orodha ya walimu. Kila jina lilikuwa viboksi vitupu, kimoja kwa kila herufi ya Kichina.

"Mwalimu Shih," akauliza kwa upole, "hapa mimi ni viboksi vipi?"

"Vitatu vya juu kabisa, Mwalimu Mkuu."

Mhasibu alinong'ona kwamba pakiti ya kijani ya vitafunio, iliyowekwa juu ya seva kama hirizi ili mashine zisigome, imepita tarehe. Kwetu hilo hueleza kila hitilafu. Bwana Shih, na hili namsifu, hakuisingizia pakiti. Alisema amefuta mwenyewe, akaomba nusu saa, akarudisha herufi. Mashine zikawaka kwa sekunde thelathini na nane, chumba kikasalimika. Zile sekunde tisa alizokuwa amepunguza zilikuwa za kumfurahisha yeye tu.

Mwongozo aliomwachia mrithi wake ulikuwa wa kurasa tisini. Ameupunguza hadi mstari mmoja: kabla ya kufuta kitu, muulize anayekitumia.

Asante, Mwalimu Shih. Tunakutakia mapumziko marefu yenye afya. Mkeo tunampa pole mapema: kuanzia Agosti utashinda nyumbani, na nyumba ina vitu vingi.