Kutoa Kiriba

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, tuliyekukalisha kwenye kiti cha mwalimu kwa sababu ndicho pekee chenye miguu minne mizima. Mwenyekiti wa kijiji chetu. Mwalimu Mkuu uliyetupa darasa hili. Ndugu wageni waalikwa mliobanana kwenye madawati ya watoto mpaka magoti yamefika kidevuni. Na nyinyi majirani zangu mliojaa madirishani: nawasalimu nyote kwa heshima zenu.

Wewe Bwana Miti sijakusalimia. Wewe kwanza nakugombeza. Miaka ishirini! Ulivunjika mguu? Barabara ilikunjwa ikawekwa kabatini? Mkeo naletewa leo kumwona kwa mara ya kwanza, na sina hata jino moja la kumchekea, wakati ulipoondoka nilikuwa nayo yote ya mbele. Mtoto gani huyo anayeniita mama, kisha anakaa mbali nami kiasi hicho? Mpaka ustaafu, mpaka uletwe kwa gari la serikali kama mzigo? Haya. Shikamoo yako nimeiona mdomoni, nimeipokea. Marahaba. Sasa tulia unisikilize, na usinitikisie kichwa, maana unajua ninachotaka kusema.

Waliotangulia kusimama hapa wamekusifu vizuri. Wamesema Bwana Miti ni mchapakazi, mtaratibu, mtu wa watu. Lakini nyote mmemsikia yule bwana wa masjala alipokuwa akisoma historia ya kazi yake. Alifika mahali akashusha sauti na kupita haraka, kama mtu anayepita penye mbwa. Alisoma: "Miche elfu mbili ilikufa kwa afisa kutotoa maelekezo sahihi, alionywa kwa barua na kuhamishwa." Miche hiyo ni ya hapa. Kilima chenyewe ni hicho dirishani. Je, nimwache mtu aende kupumzika na neno hilo mgongoni, hali mwenye neno hilo ni mimi?

Vijana hawakumbuki. Kilima hicho tulikiita Kipara. Hakikuwa na mti wala kichaka, na mvua ikinyesha udongo wake uliteremka mpaka jikoni kwangu. Chemchemi ya chini yake ilikauka nikiwa bado namnyonyesha kitindamimba wangu. Tukawa tunafuata maji mtoni, unatoka asubuhi unarudi jua la utosi, na wako mabinti walioacha madawati ya darasa hili hili kwa ajili ya ndoo. Ndipo akaja huyu, bwana mwembamba juu ya pikipiki inayokohoa, na miche elfu mbili. Akatukusanya humu. Akasema maneno ninayoyakumbuka kama jina langu: "Kabla ya kupanda, kila mtu atoe kiriba. Asiyetoa kiriba ameua mti."

Tukaitikia wote. Siku ya kupanda, malaria ikamshika, akalazwa. Tukasema, kwani kazi hatuijui? Mimi nikiwa mwenyekiti wa kikundi cha akina mama, nikapita nyumba kwa nyumba na mdomo wangu huu. "Bwana Miti kasema kila mtu atoe kiriba!"

"Kiriba ndiyo nini, Bibi?" akaniuliza Fundi Baiskeli, jirani yangu, yule pale dirishani anayejificha.

"Nyie watoto wa madumu mnajua nini? Kiriba ni chombo cha maji, cha ngozi. Bibi yangu alikuwa nacho. Maana yake kila nyumba itoe maji."

"Ngozi mimi sina, Bibi, labda nijichune mwenyewe."

"Toa dumu! Na usiniletee linalovuja."

Naona mabwana miti wenzake wameanza kujifunika nyuso. Wao wanajua. Kumbe kiriba kwao ni ule mfuko mweusi wa nailoni unaoshika udongo na mizizi ya mche. Na kutoa, kwao, ni kuvua. Kwetu kutoa ni kuchangia. Yeye kasema vueni mfuko, mimi nimetangaza leteni maji. Tukaipanda miche elfu mbili na mifuko yake, tukaimwagilia kwa upendo mkubwa sana, tukaimba, tukarudi majumbani tukijipongeza.

Miezi mitatu haikuisha, ikaanza kukauka. Tulizidi kuinywesha, nayo ikazidi kufa. Siku wakubwa walipokuja kukagua, Bwana Miti alitangulia kufika, maana alipotoka hospitali alipelekwa kazi kwingine, na bado mashavu yalikuwa yameingia ndani. Akachimbua mche mmoja kwa mikono. Mizizi ilikuwa imejisokota ndani ya nailoni kama nywele kwenye kitana. Fundi akachungulia, akasema, "Bibi, mti wako umekufa umevaa suruali!"

Huyu akanigeukia. "Mama, kiriba kwenu ni nini?" Nikamweleza. Akacheka, akacheka mpaka akakaa kwenye vumbi, na alipoinuka alikuwa na machozi, sikujua ni ya upande gani. Kisha akalifukia lile shimo kwa kiatu. Gari likafika. Mkubwa wake akamuuliza mbele yetu sote, "Hawa watu uliwaelekeza?"

Akajibu, "Sikuwaelekeza sawasawa, mkuu. Kosa ni langu."

Nilifungua mdomo. Akanitazama tu. Baadaye, mguu mmoja ukiwa tayari kwenye pikipiki, akaniambia, "Mama, nikisema wanakijiji wamekosea, hamtaletewa mche tena. Nikisema nimekosea mimi, wataleta bwana miti mwingine. Nyamaza." Nikanyamaza. Nimenyamaza miaka ishirini, Mheshimiwa, na wanaonijua watakwambia sijawahi kubeba mzigo mzito kama huo.

Mwaka uliofuata mwingine akaja kweli, na miche mia tatu. Safari hii tuliivua yote, hata Fundi alikuwa akipita nyuma ya watu kukagua suruali. Lakini yale maji hatukuyaacha. Kila kiangazi, kila nyumba ilipandisha dumu moja kilimani kila wiki, na kazi hiyo mpaka leo tunaiita kutoa kiriba. Kikaja kile kiangazi kirefu, majirani zetu wakapoteza miti yao yote, yetu ikasimama. Ikazaa mbegu, tukaotesha wenyewe kwenye kitalu nyuma ya zahanati. Tazameni dirishani. Nani atathubutu kukiita Kipara leo?

Sasa nitawaambia nililoliona, na nitasema polepole kwa sababu bado linanitisha.

Miaka minne iliyopita nilikwenda kuokota kuni chini ya miti ile. Kiangazi, ardhi imepasuka kila mahali. Nikakanyaga tope. Nikasema, mbuzi wa nani huyu kanikojolea njia? Nikatafuta kwato, hakuna. Nikainama, nikaondoa majani kwa mkono. Palikuwa na maji. Nikayafuta kwa kiganja, yakaja tena. Nikayafuta, yakaja. Mkojo wa mbuzi hauji mara tatu. Yalikuwa yanatoka chini ya jiwe lile lile nililotekea nikiwa msichana, membamba kama uzi wa kushonea, hayana kelele, hayana haraka, kama mtu aliyetoka kwenda dukani tu akarudi.

Nikaketi. Kuni zile mpaka leo sijui aliyezichukua. Wifi yangu alikuja kunigombeza kwa kuchelewa, akafika akaona. Akavua kandambili zake, kama mtu anayeingia kwenye nyumba iliyodekiwa sasa hivi. Akaninong'oneza, "Wifi, nani amefungua?"

Miaka yote ile nilimwaga maji juu ya kilima nikidhani ardhi inayameza tu. Mliosoma mtanieleza mizizi inavyofanya kazi, na nitawasikiliza kwa adabu, na kesho nitakwenda tena kulitazama jiwe lile na mwili utanisisimka vile vile. Mabinti wa nyumba zetu sasa wanateka maji na kengele ya shule haijagongwa. Nyinyi mnaona jambo la kawaida hilo? Mimi nikiwaona wamelowa pindo za sare nashindwa hata kuwakaripia.

Basi, Mheshimiwa, ombi langu. Sikuombi barabara, sikuombi mabati. Ile karatasi kwenye faili la huyu mtu usiichane, maana aliyeiandika aliandika alichoambiwa. Andika chini yake kwamba mwenye kosa amejitokeza. Mimi kalamu siijui, ila kidole gumba ninacho, na nimekisugua tangu alfajiri kwa ajili hiyo.

Naam, naona faili linakuja. Na wino. Bonyeza sawasawa, bwana wa masjala, usinishike kama yai. Hapo. Mheshimiwa naye anaandika. Ahsante, mwanangu, nimekuita mwanangu, utanisamehe. Na wewe Bwana Miti, futa uso, watu wanakutazama. Binti yangu, huyo ndiye mumeo. Kama uliwahi kuambiwa aliua miti elfu mbili, sasa umejua aliyeiua, na umejua aliyefanya ikapandwa mingine.

Wageni wetu, nawashukuru kwa masikio yenu na kwa kuyavumilia madawati hayo.

Nawe mwanangu, nakupa agizo. Ukija tena, na uje kabla mahindi hayajavunwa, usije kwa gari. Shukia njia panda, upitie juu kwa miguu, na usizungumze na mtu. Mwanzoni ilikuwa lazima uliinamie lile jiwe ndipo uyasikie maji. Mwaka juzi niliyasikia nikiwa kwenye mti wa tatu kutoka hapo, mwaka jana nikiwa kwenye wa saba. Mwaka huu masikio yangu yameanza kuniacha. Kwa hiyo nenda taratibu. Utakapoyasikia, simama papo hapo, hesabu miti mpaka kwenye jiwe, kisha uje jikoni kwangu uniambie ni mingapi.