Sababu ya Kurudi

Nina hasira, na sitaki mtu aniambie nitulie. Kijiwe chetu kiko pale barabara inapokata kona, kati ya duka la vyuma na ukuta wa shule: benchi moja refu, jiko la makaa, birika la kahawa, na nyuma ya birika yupo Shangazi. Si shangazi wa damu wa yeyote kati yetu, ila ukimwita jina lingine watu watakuuliza unamtafuta nani. Mimi nashona viatu hatua tano kutoka hapo, kwa hiyo kila linalosemwa nalisikia hata nikiwa na misumari mdomoni. Pikipiki inayoegeshwa karibu na jiko ni ya Breki, aliyepewa jina hilo kwa sababu hana, si za pikipiki wala za mdomo. Profesa anatengeneza simu, na shule yenyewe aliiachia njiani. Katibu alikuwa karani serikalini, akastaafu, lakini kalamu haijatoka mfukoni mwa shati mpaka leo. Basi Jumatatu hiyo asubuhi Shangazi alifika na bahasha, akampa Katibu asome, akainama kupuliza moto kama kawaida yake. Binti yake yuko Ulaya, ni mjamzito, mumewe yuko melini huko baharini, na Alhamisi wanampasua wamtoe mtoto. Alikuwa ameomba kitu kimoja tu, mama yake awepo.

Katibu alisoma barua, akavua miwani, akaivaa tena.

Katibu: Wamekataa.

Breki: Wamekataa nini?

Katibu: Viza. Wanasema, nawatafsiria neno kwa neno: hatujaridhika kwamba mwombaji ana sababu ya kutosha ya kurudi kwao muda wake ukiisha.

Mimi: Rudia hapo mwisho.

Katibu: Sababu ya kurudi.

Nilitema misumari, nikahamia kwenye benchi na kiatu mkononi. Jamani! Shangazi ana miaka ishirini na tatu kwenye kona hii. Mvua inyeshe, jua liwake, yupo. Alipofiwa na mumewe alikosa siku tatu, ya nne tukamkuta anapuliza moto. Leo mtu aliyekaa nyuma ya kioo, ambaye hajawahi hata kumuona akitembea, anaandika kwamba huyu akiondoka ndiyo basi tena!

Breki: Wapotelee mbali! Kwani hakupeleka kila kitu? Mimi mwenyewe nilimbeba. Saa kumi na mbili tuko nje ya uzio wa ubalozi wao, tumesimama kama tunaomba msaada. Pasipoti mpya kabisa. Bima ya safari. Barua ya mwaliko ya binti, na mhuri wa manispaa ya kule. Nafasi ya ndege ya kwenda na kurudi. Na kurudi, nasema! Mtu asiyetaka kurudi anashika nafasi ya kurudi ya nini?

Profesa: Karatasi za benki je?

Breki: Miezi sita nyuma. Mpaka nikajiuliza wanataka kumkaribisha au kumchumbia.

Shangazi alimimina kikombe cha kwanza akampa Katibu, cha pili akampa Profesa. Sisi hatukumuuliza neno, maana tulikuwa na mengi ya kusema.

Breki: Ni picha. Nakwambieni ni picha. Walisema masikio yaonekane, na la kushoto lilifunikwa na mtandio.

Katibu: Picha ilipita. Waliipima kwa rula mbele yake.

Breki: Basi alinuna.

Mimi: Si walimwambia asicheke?

Breki: Asicheke, sawa. Lakini kuna kutocheka na kuna kununa. Mtu akiuona uso ule anasema, huyu akija hapa atakuja kutugombeza.

Katibu: Uzuri wa mkakasi, Breki.

Breki: Maana yake nini?

Katibu: Maana yake unyamaze.

Profesa: Nyie mnahangaika na masikio, na tatizo liko kwenye vidole. Shangazi, si ulisema mashine yao ya alama ilivikataa?

Shangazi akainua kiganja akatuonyesha, akarudi kwenye birika. Ncha za vidole vyake zimelainika, mistari yote imekwisha. Huwezi kushika birika la moto miaka ishirini na tatu ukabaki na mistari. Mashine ilimkataa mara tatu. Dada wa pale akamsugua kwa pamba yenye spiriti, akamkandamiza mpaka akaumia, na mara ya nne mashine ikasoma vidole viwili kati ya kumi.

Profesa: Ndiyo hapo sasa. Chanda chema huvikwa pete, chake kimerudishwa na mashine. Kule kwao, mtu asiye na alama za vidole ni nani? Jambazi! Wanajua amezisugua makusudi. Saa hizi jina lake liko kwenye kompyuta moja kubwa, imefichwa chini ya ardhi.

Mimi: Ardhi ya wapi?

Profesa: Ningejua wapi ingekuwa imefichwa? Na kompyuta hiyo inasikiliza. Kila simu ninayofungua nakuta kidude cheusi, kidogo hivi, ambacho sijui kinafanya nini.

Breki: Wewe si fundi simu?

Profesa: Ndiyo maana nimekiona! Sasa Shangazi anamwambia binti yake, nakuja, nitakaa mpaka mtoto atambae. Kompyuta inahesabu. Mtoto anatambaa miezi minane. Viza ni miezi mitatu. Kwisha habari yake.

Breki: Haki ya nani!

Profesa: Mimi sisemi zaidi.

Breki: Basi mimi nasema zaidi. Kule watu hawazai, si mnajua? Mtoto akizaliwa kule wanamtaka awe wao moja kwa moja. Sasa bibi akifika, atamwimbia kwa lugha yetu. Mtoto ataishika. Akikua atauliza, hii lugha wanaiongea wapi? Atapanda ndege aje. Wamempoteza! Kwa hiyo wanazuia mabibi. Babu anapita, maana babu hajui kuimba. Bibi hapiti ng'o.

Profesa: Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Breki: Na ndicho walichofanya, wamejenga ukuta!

Katibu: Methali hiyo haina maana hiyo.

Breki: Katibu, ukuta ni ukuta.

Tulipiga makelele mpaka mwenye duka la vyuma akachungulia. Msinielewe vibaya, upuuzi ule ulikuwa hasira tupu. Mtu ukishindwa kumpiga aliyekukosea, unabaki kutupa maneno. Mimi nilikuwa nimeshika kiatu cha mteja, na nilikigonga nyundo kwa uchungu hadi kisigino kikang'oka chote.

Katibu: Jamani, tusipayuke. Kuna rufaa. Naiandika leo leo. Mheshimiwa Balozi, husika na kichwa cha habari hapo juu...

Mimi: Inachukua siku ngapi?

Katibu: Siku thelathini. Za kazi.

Mimi: Leo Jumatatu! Alhamisi ni mtondo!

Katibu: Subira huvuta heri.

Mimi: Mwambie huyo mtoto aliye tumboni avute subira! Binti wa watu analala juu ya meza wanamchana, hana mama, hana mume, hana hata jirani wa kumshikia mtoto akizinduka, wewe unaniletea kichwa cha habari?

Shangazi alikuwa anasuuza kikombe kwenye ndoo, akakisuuza muda mrefu kuliko kinavyohitaji.

Hapo akafika mtu na ngazi begani, fundi rangi aliyeitwa kupaka ule ukuta wa shule. Akaegemeza ngazi, akatuamkia vizuri, akaomba kahawa. Shangazi akammiminia. Akakaa mwisho wa benchi, anapuliza kikombe chake na kusikiliza.

Katibu: Nakala ya fomu ninayo. Tuipitie mstari kwa mstari, tuone hawa watu wamekosea wapi. Rufaa lazima iwe na pa kushika.

Akaitoa kwenye jalada lake. Karatasi ilikuwa na doa la duara la kitako cha kikombe, maana tuliijazia hapo hapo kwenye benchi, mwezi uliopita, asubuhi nzima, Shangazi akitumiminia.

Katibu: Jina, sawa. Tarehe ya kuzaliwa, sawa. Hali ya ndoa, mjane. Sababu ya safari, kuwa na binti yake anayejifungua. Atalala wapi, kwa binti. Kazi ya sasa, hana. Mwajiri, hana. Anwani ya mahali pa kazi, nimepiga mstari. Amewahi kufukuzwa nchi yoyote, hapana.

Breki: Iko sawa kabisa. Hakuna kosa hata moja.

Profesa: Na mwandiko umetulia.

Katibu: Penye wazee haliharibiki neno. Kosa ni lao.

Yule fundi rangi akatua kikombe kwenye goti.

Fundi rangi: Samahani, wakubwa zangu. Mimi ni mgeni hapa.

Breki: Uliza tu, ndugu yangu. Hapa ni nyumbani.

Fundi rangi: Huyu mama kazi yake nini?

Breki alifungua mdomo. Alikuwa na kikombe mkononi, cha pili asubuhi ile, na akakitazama kama ndiyo kwanza anakiona. Profesa akaanza kutafuta kitu mfukoni. Mimi nikakiinamia kiatu kisicho na kisigino. Yule mtu hakuwa na ubaya wowote, aliuliza kwa sauti ya mtu anayetaka kuelewa, na akawa anatutazama mmoja mmoja.

Katibu: Kazi... kwenye fomu, ndugu, kazi wanamaanisha ile yenye barua ya mwajiri. Yenye mhuri. Mimi nimefanya kazi miaka thelathini na minne, najua. Ilibidi...

Na mimi nitasema la kweli, maana nimeanza kwa kutukana watu wa watu. Siku ile kalamu ya Katibu ilisimama kwenye mstari huo. Alisita. Alituinulia uso akauliza, hapa niweke nini? Picha tuliijadili saa nzima, masikio, mtandio, rangi ya ukuta wa nyuma. Kwenye kazi hatukujadili. Mimi ndiye niliyesema, andika hana, twende mbele, kahawa inapoa. Ubalozi bado nina hasira nao, msidhani nimewasamehe, wangeweza kumuuliza mwenyewe. Lakini na sisi tungeweza kumuuliza. Alikuwa hatua moja tu kutoka pale.

Shangazi: Niliwasikia.

Tukageuka wote.

Shangazi: Siku ile niliwasikia. Nilikuwa nimeshika birika. Nikasema moyoni, hawa wamesoma, wanajua karatasi inataka nini. Nikanyamaza.

Mimi: Shangazi, wallahi mimi...

Shangazi: Usiape. Hii mikono mmeiona leo? Mmeijadili wee, mmefika mpaka kwenye majambazi. Hamkufika kwenye birika.

Katibu: Shangazi, tutaandika upya. Biashara binafsi, miaka ishirini na tatu. Tutaweka sahihi zetu wote, tuwe mashahidi...

Shangazi: Mtondo, Katibu. Mwanangu anaingia mtondo.

Akainua birika. Lilikuwa bado zito, ilikuwa hata saa nne haijafika, na kwa miaka yote hiyo sijapata kumuona akimwaga kahawa. Akaimimina yote juu ya makaa. Jiko likalia, moshi ukatupanda usoni, Breki akaanza kukohoa. Kisha akapita akikusanya vikombe mikononi mwetu, vilivyojaa na vilivyobaki nusu, anamwaga chini na kutumbukiza kwenye ndoo. Cha fundi rangi alikirudisha mwenyewe, kwa mikono miwili.

Breki: Shangazi, sasa na kahawa?

Shangazi: Kahawa gani, Breki? Mimi sina kazi.

Akatumbukiza na birika ndani ya ndoo. Akajifunga kanga upya kiunoni.

Shangazi: Naenda nyumbani nikampigie simu. Nimwambie aingie peke yake, asinitafute mlangoni. Na benchi ni langu. Inukeni.

Tukainuka, wanaume wanne wazima. Fundi rangi akashika upande mmoja wa benchi, Shangazi upande mwingine, ndoo wakaiweka katikati, wakavuka barabara nalo. Ngazi yake ilibaki imeegemea ukuta wa shule. Hatukuwa na pa kukaa, tukasimama karibu nayo tukiilinda mpaka mwenyewe aliporudi.