Samweli Karisa, Aliyekataa Kupimwa kama Mbata

Marehemu Mzee Samweli Karisa wa Katana alizaliwa Junda, Kisauni, mwaka 1884, mtoto wa tatu kati ya saba. Alisoma kwa misheni miaka minne, akabatizwa Pasaka ya 1899. Kusoma alijua, ila mwenzake wa dawati, Ruwa, alisoma kwa sauti nzuri zaidi, na hilo marehemu hakumsamehe.

Kuanzia 1907 hadi 1935 alikuwa mpima mbata, zile nazi zilizokaushwa, katika ghala moja la Bombolulu. Hila zote za mizani alizijua, na nyingine, tusifichane, alizibuni mwenyewe.

Mwaka 1911 alimwoa Nyamvula, dada yake Ruwa. "Wanawake wote wa Kisauni," alikuwa akilalamika, "nami nikaenda kumchukua mwenye kaka yule!" Hata hivyo walijaliwa watoto watano.

Mwaka 1946 ukazuka mjadala wa zahanati ya wazee. Chama cha Ustawi, chama cha Ruwa, kilitaka ijengwe Junda. Umoja wa Wenyeji, chama cha marehemu, kiliitaka vilevile, mpaka kiliposikia Ustawi wameitaka kwanza. Marehemu akatumwa atafute neno la kuipinga.

"Wazee wangu," alinguruma mkutanoni, "huko mtapandishwa mizani! Mzee hapimwi kama mbata!"

Uwanja ukalipuka kwa vifijo. Ruwa akainuka taratibu.

"Shemeji, mbata haikohoi. Mzee anakohoa."

Watu walicheka hadi wakashika mbavu, na kinamama wakalitia neno hilo ngomani. Nyamvula naye akaliimba akikuna nazi. Marehemu alikula wali mkavu siku tatu. Mchuzi wa nazi iliyokunwa kwa wimbo wa Ruwa haukumpita kooni.

Zahanati ikajengwa. Julai mwaka huu wa 1948 miguu ya marehemu ilianza kuvimba. Dresa, mhudumu wa zahanati, Bwana Musyoka, alieleza kuwa dawa hutolewa kwa kadiri ya uzito, kwa hiyo sharti apande mizani. Marehemu akakaa nyumbani wiki kumi na moja, akiugulia neno lake mwenyewe, Nyamvula akimsihi na kulia. Mwishowe Ruwa alikuja kumchukua, akamfikisha zahanati mbele ya mizani.

"Panda, shemeji. Sitamwambia mtu."

"Utatunga wimbo."

"Wallahi situngi."

"Haya, panda wewe kwanza."

Ruwa akapanda: ratili mia na arobaini. Marehemu akapanda: mia na kumi na nane. Akashuka, akaikagua mizani kwa jicho la kazi, akamgeukia Musyoka.

"Hii ni ya Ustawi."

Dawa aliimeza, lakini ilikuwa imechelewa. Alifariki nyumbani kwake Junda, Alhamisi, tarehe 14 Oktoba 1948, saa nne asubuhi.

Ameacha mjane, Nyamvula; watoto Katana, Jumwa, Kache, Rosalia na Bakari; wajukuu kumi na mmoja; na shemeji mmoja.

Jana, jeneza lilipopelekwa makaburini, huyo shemeji alishika upande wa kichwani. Hatua ya kumi akaomba liwekwe chini. Akajifuta uso, jasho na machozi pamoja, akasema kwa sauti yake ile nzuri, mbele ya vyama vyote viwili:

"Leo amenizidi."

Miaka hamsini marehemu aliingoja kauli hiyo. Basi Samweli, umeisikia. Sasa pumzika, na amani iwe yako.