Majina ya Penseli

Mwenyekiti, wajumbe wa kamati ya chama chetu cha kuweka na kukopa, na nyie mliokaa karibu na mlango ili mchango ukitangazwa mtoke kwa urahisi, nawaona. Mbukwenyi, kwa salamu yetu ya Kigogo. Bwana asifiwe kwa wanaoitikia hivyo, asalaam aleikum kwa wanaoitikia hivi, na waliokuja kwa ajili ya soda wasiwe na wasiwasi. Soda zipo. Nimezihesabu mara mbili, kila mtu moja.

Nimeandika ushuhuda wangu kwenye karatasi, kwa sababu nikiongea bila karatasi huwa naishia kupatana bei. Mkutano uliopita mwanachama mmoja mgeni, mwalimu, aliuliza: mtu akitaka mkopo wa nyumba, akiba anayo, na hati ya nyumba anaiweka rehani chamani, kamati inafuata nini kwenye madeni yake ya zamani aliyokwisha kuyalipa? Wengi mlicheka. Mimi sikucheka. 

Ndugu zangu, nawaambia, swali hilo niliwahi kuliuliza mimi. Sitataja jina la mtu. Wengine mmo humu ndani, mtajijua.

Miaka ile mnaikumbuka. Kila wiki unasikia shirika hili limeuzwa, lile limefungwa, lile linatafutiwa mwekezaji. Mzee wangu, yaani mume wangu, alikuwa mtunza stoo kwenye shirika mojawapo, mtu anayejua kila msumari ulipolala. Siku moja wakamwambia akapumzike. Akaja nyumbani na kiinua mgongo kwenye bahasha ya kaki, na barua mbili. Ya kwanza ilimshukuru. Ya pili ndiyo ilikuwa na habari yenyewe: nyumba za shirika, na yetu ikiwemo, zinauzwa. Aliyemo ndani anapewa nafasi ya kwanza, miezi mitatu. Robo ya bei alipe mwezi wa kwanza, inayobaki aimalize kabla ya miezi mitatu kwisha. Asipomaliza, nyumba inakuwa ya mnunuzi yeyote, na robo yake anarudishiwa baada ya kukatwa gharama. Gharama zipi, barua haikusema. Mimi nimefanya biashara miaka mingi, najua gharama isiyotajwa ndiyo kubwa.

Bei ilikuwa milioni mbili na laki nne. Tukalipa robo, laki sita, kiinua mgongo kikabaki vumbi. Ikabaki milioni moja na laki nane. Akiba yangu hapa chamani ilikuwa laki sita, na chama kinakopesha mara tatu ya akiba. Laki sita mara tatu. Nikahesabu. Nikahesabu tena. Ikaja ileile, kama Mungu mwenyewe ameipima kwa futi kamba. Nikamwambia mzee, "Lala usingizi. Nyumba ni yetu."

Sasa hapa niwaambie tabia yangu. Msimu wa zabibu nilikuwa nachukua mzigo Makutupora, nauza sokoni na pale stendi. Zabibu zikiisha, nashika karanga za Kongwa. Pesa ya zabibu hailali, inageuka kila siku mbili tatu. Kwa hiyo tarehe ya marejesho ikifika, nilikuwa najiuliza: nikiipeleka leo chamani, inakaa kwenye sanduku la bati. Nikiizungusha wiki mbili, inanizalia elfu nne. Faini ya kuchelewa ilikuwa shilingi mia tano. Elfu nne toa mia tano. Nilihesabu mara mbili, na mara zote mbili nilishinda mimi.

Kwa hiyo nilichelewa. Si kwa kukosa, kwa makusudi. Na nililipa kila kitu, mpaka senti, pamoja na faini, tena natabasamu. Nilikuwa nawafundisha na wenzangu sokoni. Mlionisikia wakati ule, leo nawaomba radhi na ada yangu ya ualimu sirudishi.

Nikaenda mbele ya kamati na fomu yangu. Mweka hazina wetu, ambaye simtaji ingawa amekaa pale mbele na koti lake la kijivu, akafungua daftari.

"Mama, kaa kwanza."

"Nikikaa bei inapanda. Sema nikiwa nimesimama."

Hakucheka. Hapo ndipo nilianza kuogopa. Mnajua utaratibu wake: aliyelipa kwa tarehe anaandikwa kwa kalamu ya bluu, aliyechelewa kwa nyekundu. Akasoma, "Mikopo sita. Marejesho thelathini na sita. Ya bluu, mawili."

"Lakini yote nimelipa!"

"Yote umelipa. Hayo mawili ilikuwaje ukawahi?"

"Haukuwa msimu wa zabibu, na karanga zilikuwa bado shambani."

Mjumbe mmoja akaguna. Nikasema ninayo akiba, na hati ya nyumba ikitoka naiacha chamani. Sasa wino wa zamani unamhusu nani? Mwenyekiti wa kamati akanijibu taratibu, "Mama, hati inatuambia tutauza nini ukishindwa. Sisi hatutaki kuuza nyumba yako. Tunataka kujua utakuja tarehe ileile kila mwezi kwa miaka mitano. Hilo hati haijui. Daftari linajua."

Wakanipa sharti: nilete mdhamini mmoja, mwenye ukurasa wa bluu tupu. Zilikuwa zimebaki wiki sita.

Nikazunguka. Wa kwanza akasema anasafiri. Wa pili akasema amekatazwa na daktari, sijui daktari wa udhamini anapatikana wapi. Wa tatu, mama mmoja mjane, akasema ngoja amwulize mumewe. Mumewe tulimzika sote, na mchango wa jeneza nilikusanya mimi. Nikatoka pale nikijua kwamba watu hawanichukii. Wananijua tu, na hilo ni baya zaidi.

Huku nyumbani wakaja wapimaji wa shirika. Wawili, saa nne asubuhi, nachambua maharage. Wakavuta futi kamba kutoka ukutani mpaka jikoni, ikapita juu ya ungo wangu kana kwamba mimi ni gunia. Wakaandika namba kwa rangi nyekundu pembeni ya mlango. Kesho yake akaja bwana mmoja na mkewe, wamepaki gari nje. Hawakubisha hodi ya mtu anayetaka kukaribishwa, walibisha hodi ya taarifa. Mkewe akatazama dari, akatazama choo, akatoka uani. Pale uani nina mzabibu niliupanda mwaka tuliohamia, umefunika kichanja chote, ndiyo kivuli chetu. Akamwambia mumewe, "Huu tutaukata, tujenge gereji."

Nami nimesimama hapo hapo. Nimewapa na maji ya kunywa.

Kuanzia siku ile nilikuwa nikisikia gari limepunguza mwendo nje, naacha kazi nachungulia dirishani. Nikiona bahasha ya kaki, hata ya mtu mwingine, sokoni, nasogea nisome jina. Nilikosea kurudisha chenji, mimi! Mzee wangu akaanza kung'oa misumari ya ukutani na kuipanga kwenye kopo, mikubwa na midogo. Nikamwuliza, "Unafanya nini?" Akasema, "Hii niliinunua mwenyewe. Si ya shirika." Nikaingia chumbani nikakaa kitandani, nikaona kwamba mume wangu ameshahama na bado anakaa.

Zikabaki wiki tatu. Nikarudi kwa mweka hazina, sikwenda kubishana tena. Nikamwambia, "Nionyeshe huo ukurasa. Nataka kuuona kwa macho yangu."

Akaligeuza daftari kunielekea. Nyekundu nilizitegemea. Sikutegemea penseli. Kando ya kila rejesho jekundu, pembeni kabisa mwa ukurasa, palikuwa na jina la mtu limeandikwa kwa penseli.

"Haya majina ni ya nini?"

"Mkopo wa mwezi unatoka kwenye marejesho ya mwezi," akasema. "Lako likipungua, kuna mmoja kwenye foleni anasubiri mpaka ulete. Mimi huwa namwandika. Kwa penseli, maana si kosa lake."

Nikayasoma yote. Nikafika kwenye jina moja, la fundi cherehani, dada mmoja mwanachama mwenzetu. Nikatazama tarehe. Nikatazama tena. Ndugu zangu, hesabu zote nilizofanya maishani mwangu sikuwahi kupata jibu linalotisha kama lile.

Wiki ile mimi nilinunua cherehani. Dada yule alikuja sokoni anatokwa jasho, mwanawe amevunjika mguu, yuko hospitali, anahitaji pesa siku ileile. Cherehani chenyewe cha miguu, bei yake elfu sitini hata kwa asiyejua. Nikamminya mpaka thelathini. Nikarudi nyumbani najisifu. Na elfu thelathini hizo nilizitoa wapi? Lilikuwa rejesho langu la mwezi ule, nilikuwa nalizungusha. Mkopo aliouomba yeye kwa ajili ya mguu wa mtoto ulikuwa ndani ya pochi yangu, na kwa pesa hiyohiyo nikanunua cherehani chake nusu bei. Halafu nikalipa faini mia tano, natabasamu.

Cherehani kilikuwa bado sebuleni kwangu, kimefunikwa kitambaa, nasubiri bei ipande. Nikakodi mkokoteni. Nikamkuta dada barazani kwake anashona vifungo kwa mkono.

"Unauza?" akaniuliza.

"Narudisha, mdogo wangu."

"Bei gani?"

"Hakuna bei."

Akachungulia nyuma yangu, kama vile kuna mtu mwingine aliyesema. "Mama, wewe? Hakuna bei?"

Nikamweleza la penseli. Lote, mpaka la pochi. Nilikuwa naogopa kumwuliza, nikamwuliza, "Mtoto anatembea?"

"Anatembea. Anakimbia na kuvunja vyombo vya watu. Usilie, utalowesha shati la mteja."

Akapitisha sindano. Nilikuwa sijasema neno juu ya udhamini, nawaapia, na siku ile sikukusudia kulisema. Lakini mji huu hauna siri. Akasema mwenyewe, "Nasikia unatafuta mdhamini. Ukurasa wangu ni wa bluu. Nitaweka sahihi. Lakini wewe hutalipa siku ya tarehe. Utalipa siku moja kabla, na utapita hapa unionyeshe risiti. Kila mwezi, mpaka umalize. Na hicho cherehani si zawadi. Elfu thelathini zako nitakurudishia, kumi kumi."

Mdomo wangu ulifunguka wenyewe. Mnajua kilichokuwa kinataka kutoka: tufanye mwaka mmoja, risiti nikuonyeshe kila baada ya miezi mitatu. Nikaufunga.

"Sawa," nikasema.

Lilikuwa neno fupi kuliko yote niliyowahi kusema kwenye biashara.

Elfu kumi zake alinirudishia miezi mitatu, kila mara siku moja kabla ya ahadi. Alikuwa ananifundisha, hakutoza ada. Mkopo ukapita zikiwa zimebaki siku tisa. Mzee wangu akarudisha misumari ukutani, kila mmoja kwenye tundu lake.

Nawashukuru kamati kwa kunikatalia vizuri. Namshukuru mzee wangu. Namshukuru mweka hazina kwa penseli yake. Na wewe dada, sikuonyeshi kwa kidole, ila gauni hili nililovaa watu wanajua limeshonwa na nani.

Mwalimu, jibu lako ndilo hilo. Deni ukilimaliza limekwisha kwako. Kwa aliyekusubiri halijaisha. Kabla ya kupiga hesabu ya faini, mtafute kwanza aliyeandikwa pembeni.

Msidhani nimepona hofu. Nimelipa miezi hamsini na sita, imebaki minne, na hati bado imo kwenye sanduku la chama. Kila mwezi wiki ya marejesho usingizi unakuwa mwepesi. Mwaka juzi zabibu zilinyeshewa zikaoza, nikauza redio ili niwahi. Naogopa mpaka leo. Lakini zamani nilikuwa naogopa gari lililosimama nje. Siku hizi naogopa penseli, na hofu hii naona inanifaa.

Zabibu zilizo kwenye sinia pale mezani ni za mzabibu wangu wa uani. Ni za bure. Msizoee.

Mweka hazina, kabla sijakaa, fungua daftari. Tarehe yangu ni kesho. Pesa hii hapa, kwenye leso. Hesabu wewe kwanza, nami nitahesabu baada yako. Kalamu ya bluu. Penseli iache mfukoni.